Kengele za Wodi Isiyo na Dirisha

Jumatatu saa tatu asubuhi fundi alipanda ngazi ya aluminiamu katika wodi ya wanawake, ile iliyo chini ya ardhi, akabandika kipaneli cha mwisho juu ya kitanda namba kumi na mbili. Vipaneli vyenyewe vilikuwa vidogo kama biskuti. Vilikunywa mwanga wa taa za dari na kuulisha mtambo mdogo uliokuwa nyuma yake, na mgonjwa akibonyeza kitufe, kengele ililia mezani kwa nesi. Hakuna betri, hakuna waya. Fundi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mwenye makovu ya kulehemu vidoleni, na kwenye kitanda namba sita alilala mama yake mzazi. Daktari alikuwa ameshasema: kidonda kimefunga, Ijumaa anakwenda nyumbani. Fundi alikuwa ameshamtandikia kitanda kando ya dirisha.

Meneja wa hospitali alikuja kukagua. Alibonyeza kitufe, kengele ikalia, akafurahi.

"Kwa hiyo wodi sasa inajitengenezea umeme wake?"

"Kutokana na mwanga wa taa, bosi."

"Safi sana. Basi taa tuzime."

Fundi alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Alieleza mara tatu, ya mwisho kwa kutumia birika na kikombe, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Tangazo likabandikwa mlangoni: kwa kuwa wodi inajitegemea, taa zitazimwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni.

Wodi ile haikuwa na dirisha hata moja. Taa zilipozimwa, kengele zikanyamaza. Jumanne mgonjwa wa kitanda namba tisa, mwalimu mstaafu aliyepasuliwa nyonga, alibonyeza kitufe mpaka kidole kikamuuma, kisha akaanguka akijaribu kufuata maji mwenyewe. Jamani, maji tu.

Jumatano saa saba mchana, gizani, kengele ya namba sita ililia. Nesi alikwenda.

"Mimi sina shida, mwanangu," mama yake fundi alisema. "Mpe mwalimu maji."

Nesi alimimina maji bila kumwaga hata tone, kwa sababu bibi alikuwa anawaka.

Si kuwaka moto, la. Mwanga ulimtoka kwenye ngozi, mweupe wenye umanjano kidogo, zaidi kwenye viganja na kope. Bibi huyu alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha balbu, meza ya ukaguzi. Anaifunga balbu, anaitazama, anaifungua, anachukua nyingine. Watu walimwita Mama Balbu naye akaitika. Mwanga wote ule aliutazama, na ilikuwa lazima uende mahali. Wagonjwa waligeuza shingo, wakamtazama. Mwalimu mstaafu alilia taratibu, akasema tangu azaliwe hajaona kitu kizuri namna ile.

Fundi alikuja na mita yake ya kupimia mwanga, akaishika juu ya kiganja cha mama. Mia mbili na kumi. Taa za dari zenyewe hazikuwahi kufika hapo. Alisimama na mita mkononi, moyo umemjaa hata akashindwa kuandika. Alikumbuka jinsi mama alivyorudi kutoka kazini kila jioni, akakaa saa nzima ameuelekea ukuta macho yamefumbwa, na wao watoto wakidhani amewanunia. Kumbe alikuwa anautunza ule mwanga.

"Inauma, mama?"

"Haiumi. Inachosha tu, kama kunyonyesha."

Alhamisi mita ilisoma mia moja na themanini. Hapo fundi aliogopa. Mwanga ulikuwa unatoka na haurudi.

Meneja alipoitwa, alivua miwani na kusimama mlangoni dakika nzima. "Mungu mkubwa," alinong'ona. Kisha akaagiza kitanda namba sita kisogezwe katikati ya wodi, ili mwanga ufike pande zote. Wakakisogeza. Kengele zote kumi na mbili zikafanya kazi.

Ijumaa fundi alikuja na viatu vya mama na nguo za kutokea. Daktari alikuwa ameshasaini ruhusa, lakini karatasi ilikuwa mezani kwa meneja.

"Tukimruhusu, kengele je?"

"Washa taa, bosi."

"Taa za nini, na mwanga tunao?"

Fundi alirudi wodini, akaanza kumvalisha mama viatu. Mama alivuta mguu. "Mwalimu hajaweza kusimama. Ngoja apone, halafu twende."

Mwalimu alipona, akaenda kwao. Kwenye namba tisa akalazwa mwingine, naye hakuweza kusimama. Viatu vilikaa chini ya kitanda. Kila siku fundi alikuja na mita: mia moja na ishirini, tisini, sitini na tano. Wageni waliingia wakinyata, wakasali kidogo, wakatoka. Nyumbani kitanda cha dirishani kilipigwa na jua asubuhi hadi jioni.

Ijumaa moja mchana mita ilisoma arobaini. Fundi alipoondoka, kengele ya namba sita ililia. Nesi alikuja haraka.

"Nataka kwenda nyumbani," bibi alisema.

Nesi alimnyoosha shuka, akamwekea mto vizuri. Akafungua daftari, na kwa mwanga wa bibi akaandika: kengele namba sita, nzima.