Mama Jeanine Awaombea Panya

Vigelegele vya Mama Jeanine vilisikika hadi nyumba ya tatu. Bintiye Élodie, aliyekuwa masomoni Ubelgiji, alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yao ya mtaa wa Majengo, valizi mkononi, viatu vimejaa vumbi jeusi la volkano.

Walipomaliza kukumbatiana, mama hakungoja hata chai ichemke. "Mutoto wangu, ile dawa ya panya, umeniletea?"

Élodie akaangua kicheko. "Dawa ya panya ni sumu, mama!"

Lakini alijua anaulizwa nini. Ugonjwa wa sukari ulimwandama mama kwa miaka, kama ulivyomwandama marehemu baba yake, muzee Akonkwa, na kazi ya Élodie maabarani ilikuwa kuchunguza sukari katika damu ya panya.

Akaketi, akaeleza taratibu. Waliwalisha panya mafuta na sukari kupita kiasi, na wengi wakaugua. Ila wale ambao jeni moja, agizo dogo ambalo mwili hurithi kwa wazazi, ilikuwa imezimwa kwenye ini, walikula chakula kilekile na sukari yao haikupanda.

"Lakini panya haiko mutu, mama. Dawa bado iko mbali. Nimekuja mikono mitupu, unisamehe."

Mama akainamisha kichwa. "Kama inapita kwa wazazi... basi mimi nimekupatia huu ugonjwa?"

 Élodie alichukua mashine ya mama ya kupimia sukari, akaweka sindano mpya, akajichoma kidole. Wakaiinamia pamoja.

"Ona, iko muzuri. Na kurithi haiko hukumu. Hata panya wengine wenye waligonjwa, tulipowabadilishia chakula walipata nafuu."

Mama Jeanine akalia. Hofu hiyo alikuwa akiibeba peke yake, hata kwa padri hakuwahi kuisema. Sasa alijiona mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni mgongoni.

Alipopakua chakula, alijiwekea bugali kidogo, sombe tele ya majani ya muhogo na sambaza, vile visamaki vya ziwani, kisha akafumba macho.

"Mungu, asante kwa mutoto wangu. Asante kwa wale wote wenye wanatutafutia dawa. Na wale panya, wenye walibaki wazima na wenye waligonjwa, nawashukuru wote."

Élodie alitaka kucheka, lakini akafumba macho naye. "Amina," akasema.

"Kula sasa," mama akamsogezea sahani. "Sambaza zinapoa."