Ghala la Pamba Kwenye Chekechea

Uji wa mtama ulikuwa unaanza kuchemka Klementina aliposikia lori likirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Watoto kumi na wanne waliacha mikeka wakakimbilia dirishani. Wapakuzi wawili waliteremsha mizani, kisha wakaingia na kuanza kutoa viti vidogo nje.

“Mwangaluka, mayu,” Mashimba, mwenyekiti wa kijiji, alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma, akishuka kwenye lori. “Msimu huu si ushirika peke yake unaonunua pamba. Mwenye lori hili ni mnunuzi binafsi, anataka ghala. Kijiji kimempangisha nyumba hii.”

“Kijiji kipi?”

Klementina alikuwa akilea watoto humo tangu 1975, mwaka wanakijiji walipohamishiwa hapa nje ya Bariadi na kuanzisha shamba la ujamaa. Wanawake ndio waliofyatua matofali yake. Wao walilima pamba ya wote, yeye akabaki na watoto wao, na kazi yake ikahesabiwa sawa na ya jembe. Miaka mitatu iliyopita shamba liligawanywa, ekari nzuri za bondeni zikaangukia kwa viongozi. Ng’ombe wa maziwa wakauzwa, haikujulikana kwa nani. Ilikuwa imebaki nyumba hii tu.

Mashimba alitoa karatasi kwenye faili. “Muhtasari wa mkutano. Wote mlikubali. Jina lako hili hapa, namba sita.”

Klementina aliutambua mwandiko wake. “Siku ile ulituita kugawiwa mahindi ya njaa. Ulisema tunasaini mahudhurio.”

“Si mlihudhuria?”

“Mashimba, Salu wako alijifunza kutembea humu ndani. Mkeo akiwa shambani, nani alikuwa anamlisha?”

Mwenyekiti aliirudisha karatasi kwenye faili. “Mambo yamebadilika, mayu. Siku hizi ni soko huria.”

Klementina aliipua sufuria, akawanywesha watoto nje, kwenye kivuli cha lori.

Jioni Felisita alikuja kumchukua mwanawe, nguo zake zikiwa zimejaa nyuzi za pamba. “Kesho nimlete wapi?”

“Kwa mwenyekiti. Waambie na wenzako. Tutakaa barazani kwake mpaka aone aibu.”

Wanawake wote waliitikia. Lakini kabla ya giza kuingia, habari ilikuwa imezunguka nyumba kwa nyumba: karani wa mizani ni mpwa wa Mashimba, na pamba ya watakaoleta fujo itaandikwa fifi, daraja la chini lenye bei ndogo, hata iwe nyeupe namna gani.

Asubuhi Klementina alifika barazani kwa Mashimba na sufuria kichwani. Alipanga mafiga, akakoka moto, akangoja. Wanawake walipita njiani kwenda kuchuma pamba, watoto mgongoni, wakiangalia chini. Felisita alisimama kidogo, akataka kusema neno, kisha akaharakisha kuwafuata wenzake.

Mke wa Mashimba alichungulia mlangoni. “Mayu, unamngoja nani?”

“Watoto,” alijibu Klementina, akainama kupuliza moto.