Kina Mwamvua Mia na Ishirini na Nane

Jana asubuhi, Ijumaa, nilikuwa nimekaa sebuleni na sare ya shule, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi, natazama kioo cheusi. Nilikuwa nimeamua hiyo ndiyo siku. Nikawasha kompyuta, nikaandika nywila, ikaikubali, halafu giza. Siyo kuzima. Feni inazunguka, kijitaa cha mbele kinawaka, na katikati ya giza kuna kishale cheupe. Nikisogeza mausi kinasogea. Basi, hicho tu.

Ndani ya kompyuta hiyo kuna barua ya Dada Mwamvua. Mwamvua ni mtoto wa mama mkubwa, tumelala chumba kimoja miaka sita. Hiyo kompyuta aliiunga yeye kwa vipande vya kuokoteza, akaiwekea Linux badala ya Windows, akanifundisha mambo machache, halafu wiki iliyopita akapangiwa ualimu huko Mpanda, mbali kabisa na sisi wa Tanga. Aliniachia karatasi ndogo kwenye kibodi: Hidaya, barua yako imo ndani, kwenye folda yetu.

Siku saba sikuisoma. Nilijua nikishaisoma itakuwa imesomwa, na baada yake hakuna nyingine.

Mama aliniambia niizime niiwashe. Nikaizima nikaiwasha mara tatu, giza lile lile. Mama akampigia Fundi Shekiondo akaweka spika.

"Hiyo Linux mimi siigusi, mama," fundi akasema. "Kesho asubuhi nakuja napiga Windows, inakuwa mpya. Ila vya zamani vyote vinafutika."

Mama akanigeukia. "Kuna kitu chako cha maana humo?"

Nikasema hakuna. Nikavaa kiatu cha pili nikaenda shule.

Ningeweza kumwandikia Dada Mwamvua kwa simu ya Mama. Kwa dakika moja angenielekeza cha kufanya. Lakini angeniuliza barua nimeionaje.

Usiku wake nikaota.

Nipo ndani ya lile giza. Halina ukuta, lakini lina sakafu, na sakafu ni ya baridi kama ya kwetu. Kishale kimesimama mbele yangu, urefu wake kama mtoto wa darasa la nne, kimelala kidogo upande kama mtu aliyechoka kusubiri foleni.

"Umekuja kufanya nini?" kinaniuliza.

"Kuchukua barua kabla fundi hajaja."

"Umeingiaje?"

Kabla sijajibu, giza limekuwa uwanja wa paredi wa shule yetu. Wanafunzi wote wamesimama mistarini, ila vichwa vyao ni vidoti vyeusi, kama vile vinavyoficha nywila. Hakuna anayenitazama kwa sababu hakuna mwenye macho, na nikiri kwamba hiyo ilinipa nafuu. Mwalimu wa zamu ananiita mbele, anasema nitaje nywila yangu kwa sauti. Nafungua mdomo, vinatoka vidoti. Vinadondoka kwenye vumbi kimoja kimoja. Mwalimu anainama, anavihesabu, anasema viko vinane, sahihi, nipite.

Napita. Ndani ni giza lile lile, na kishale ni kile kile.

"Umeona?" kinasema. "Umekaribishwa, lakini sebule haijatandikwa. Wewe ni mgeni hapa?"

"Hapana. Ni kwetu."

"Sasa mtoto wa kike wa nyumba hii anapita mlango wa mbele anafanya nini? Zunguka uani."

Nikaona aibu, maana ni kweli. Kwetu mlango wa mbele ni wa watu wa sensa na wachumba. Sisi wengine wote tunapita uani.

Uani kuna ukumbi mrefu wenye milango kumi na miwili imepangwa kwa namba, kama vitufe vya juu kabisa vya kibodi. Kishale kinasema wangu ni wa tatu, lakini chenyewe kinaishia hapo, huko ndani hakiruhusiwi. Nakiuliza kama kitanisubiri. Kinasema kazi yake yote ni hiyo.

Mbele ya mlango wa tatu wamekaa wanawake wawili kwenye mkeka wanachambua mchele. Mmoja anaitwa Bi Kontroli, mwingine Bi Alti, kama vile vitufe viwili vya chini ya kibodi. Wananieleza utaratibu kwa zamu, huku wakitupa mawe: wao wawili washikwe mkono, wasiachiwe, na hapo hapo mlango usukumwe. Akishikwa mmoja, hakuna kitu. Wakishikwa wote halafu mlango ukasahauliwa, hakuna kitu pia.

"Mko wawili na mlango mmoja," nawaambia. "Mimi nina mikono miwili, na niko peke yangu."

"Kidole kidogo kwangu, gumba kwa mwenzangu," anasema Bi Kontroli. "Mkono wa pili unabaki wa mlango. Hujawahi kutuona?"

"Alikuwa anawashika Dada Mwamvua."

"Na alitushika bila hata kututazama," anasema Bi Alti. Ananipa kiganja chake. "Huyu ana vidole vya baridi, jamani."

Nawashika. Nasukuma.

Uani ni peusi, lakini peusi pa kufanyia kazi. Maandishi meupe yanapanda ukutani kama moshi. Mwanamke mmoja amenipa mgongo, anakaanga vitumbua. Ananiuliza jina, nasema. Ananiuliza nywila, nafungua mdomo, na safari hii hata vidoti havitoki.

"Huku vidoti hatuonyeshi," anasema. "Tumesikia. Endelea."

"Shikamoo," nasema.

"Shikamoo: sijui amri hiyo."

Nadhani hajanisikia vizuri. "Samahani mama, naomba..."

"Samahani: sijui amri hiyo."

Siyo kwamba amekasirika, anageuza kitumbua na kusubiri, na kando yake kuna kipande cheupe kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Natambua kwamba atasubiri hivyo hivyo mpaka nife. Mimi maisha yangu yote sijawahi kumwambia mtu mzima ninachotaka bila kuanza na samahani. Hata dukani nikinunua chumvi naomba samahani.

Nakumbuka herufi mbili ambazo Mwamvua alizitumia kuuliza nafasi iliyobaki ndani ya kompyuta.

"df," nasema. Sauti yangu inatetemeka.

"Sebule imejaa mia kwa mia," anajibu hapo hapo, vizuri kabisa, kama tumefahamiana siku nyingi. "Iliyobaki sifuri." Ananyoosha mwiko kuelekea pazia.

Nafunua pazia. Ni sebule yetu, na imejaa Mwamvua. Wako kwenye makochi, sakafuni, juu ya friji, wawili wamejikunja ndani ya kabati la vyombo. Wote wamevaa lile gauni la kijani, na kila mmoja ameshika bahasha iliyofungwa. Nje ya dirisha mvua inanyesha, na kwenye mvua zimesimama picha ya ukutani, saa, na mapazia ya sikukuu, vinasubiri kuingia. Mbele yao kuna karani mwenye kikaratasi kidogo kama cha namba ya hospitali.

"Hiki tu," karani ananiambia kupitia nondo. "Kabla sebule haijafunguliwa lazima niandike kwamba umeingia, halafu nikiweke mahali. Tangu asubuhi sina pa kukiweka."

Nawauliza kina Mwamvua wamefikaje wote hao.

"Unatuuliza sisi?" anasema aliye karibu, kwenye mkono wa kochi.

Basi ikabidi nieleze. Siku ya kwanza niliogopa barua isije ikapotea, nikaikopi folda yetu na video zake zote. Zikawa mbili. Kesho yake nikaogopa tena, nikazikopi zote mbili, zikawa nne. Kila jioni, badala ya kusoma, nilikopi kila nilichokikuta. Kwa siku saba.

"Mia na ishirini na nane," anasema Mwamvua. Hesabu zilikuwa somo lake. "Na barua inasemaje?"

"Sijui. Wewe ndiye uliyeandika."

"Mimi ni kopi. Bahasha haijafunguliwa, nitajuaje?"

Nauliza yupi ndiye wa kwanza, wa kweli. Wote wananyoosha mkono.

Kutoka kwenye vitumbua yule mwanamke anasema abaki mmoja, yeyote, wengine niwatoe. Halafu anaongeza, bado akiwa amenipa mgongo, kwamba ukifutia uani hakuna pipa la taka la kwenda kupekua baadaye. Aliyetoka ametoka. Na haulizi mara mbili kama nina uhakika.

"Siwezi," nasema.

"Siwezi: sijui amri hiyo."

Mwamvua wa kwenye kochi anasogea, ananipa nafasi ndogo ya kukaa.

"Siku ile naondoka ulijifungia chooni," anasema. "Nilibisha hodi mara tatu. Hukuitika, nikaondoka. Mtu akishabisha mara tatu anaondoka, Hidaya, huo ndio utaratibu."

"Nilikuwemo."

"Najua ulikuwemo. Nilikuwa naiona miguu yako."

"Ningetoka ningelia mbele ya watu."

"Kwani sisi wengine tulikuwa tunacheka?"

Anasimama, anakung'uta gauni, anakwenda mlangoni na bahasha yake. Anasimama pale. Naelewa kwamba hatatoka mpaka nimwambie.

"Kwaheri," nasema.

Anatoka. Hapo alipokuwa amekaa kochi limebonyea kidogo, halafu likapanda.

Wa pili alinichukua muda mrefu kuliko wa kwanza. Wa kumi nililia, akanisubiri nimalize. Walikuwa wanajipanga foleni wenyewe, kwa adabu, kila mmoja akifika mlangoni ananitazama, nasema, anatoka. Kufika wa arobaini sauti yangu ilikuwa imenyooka. Wa sitini na tatu alisahau kandambili akarudi kuzichukua, na kwa kuwa alikuwa ameingia upya, ikabidi nimuage upya. Wale wawili wa kwenye kabati la vyombo walikuwa wameshikwa na ganzi miguuni, nikawashika mkono mpaka mlangoni. Nje sikuona wanakokwenda. Ilikuwa mvua tu.

Mwishoni tumebaki wawili. Sebule ni kubwa kuliko nilivyokuwa naikumbuka. Karani anaingia, anakiweka kikaratasi chake juu ya meza, anasema asante. Nyuma yake inaingia picha, inajitundika. Inaingia saa. Kishale kinachungulia kutoka mlango wa mbele, kinafuta miguu, kinaingia.

Mwamvua wa mwisho ananipa bahasha. Ni nzito kuliko karatasi. Naweka kidole kwenye gundi.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka, Mama anafagia nje. Nikaenda sebuleni na kanga. Kompyuta ilikuwa inawaka, na kioo hakikuwa kitupu, kilikuwa na mistari myeupe ya maandishi, ule uwanja wa uani ambao sijawahi kuufungua mwenyewe. Mstari wa mwisho ulikuwa neno moja, kwaheri, na chini yake kompyuta imeandika kwamba haijui amri hiyo. Nikabonyeza mshale wa juu kuona kilichoandikwa kabla. Kwaheri. Nikabonyeza tena. Kwaheri. Nikakaa chini nikahesabu. Kama waliotoka walikuwa mia na ishirini na saba, zingekuwa mia na ishirini na saba. Zilikuwa mia na ishirini na nane. Moja ya ziada ni ya kandambili.

Nikarudi mlango wa mbele, nikaandika nywila. Ikaja picha, ikaja saa. Folda yetu ilikuwa moja.

Nikatoka kumwambia Mama fundi asije, imepona. Mama akauliza imepona yenyewe? Nikasema ilikuwa imejaa. "Imejaa nini, na ulisema hamna kitu?" akasema, akaendelea kufagia.

Barua ilikuwa fupi, haikufika hata nusu ukurasa. Dada Mwamvua alisema hana kinyongo na mimi kwa kutotoka siku ile. Alisema hatanipigia, maana anajua mimi simu zinanibabaisha, ila nikishasoma nimtumie neno moja, lolote, ajue tuko sawa. Alisema atakuwa mjini Mpanda wiki hiyo moja tu, simu ataiweka karibu. Ijumaa jioni ndipo wanampeleka shuleni kwenyewe, na huko mtandao haufiki, mpaka likizo.

Leo ni Jumamosi.

Nikachukua simu ya Mama. Nikaandika mistari mingi, nikaifuta. Nikaandika samahani, nikaifuta nayo. Mwisho nikatuma hivi:

"Karibu dada. Nipo."

Ikaweka tiki moja, imetoka ila haijafika. Nikaenda kuosha vyombo, nikarudi. Tiki moja. Mchana Mama aliitaka simu yake, nikaomba niitazame kwanza.

Tiki moja.