Meno Kumi na Saba

Barua ilikuwa imeshapigwa taipu, imebaki saini ya Tadei tu. Ilisema kwamba yeye, dereva wa mashine ya kukata miamba, amevunja meno kumi na saba ya mashine kwa uzembe wake, na anaomba radhi.

"Saini, kijana," Injinia Anyelwisye alisema, akimnyooshea kalamu. "Mgodi sasa una mwenyewe. Zile enzi za shirika la umma, chuma kikivunjika tunaagiza kingine, zimekwisha. Ukisaini, unabaki kwenye mashine. Ukikataa, rudi kwenu Izia ukalime ulezi."

"Ulezi si tusi, Injinia. Ndio ulionikuza. Lakini meno hayo yamevunjwa na amri yako."

Isdori, fundi wa nguzo za kushikilia dari, alikohoa, akageukia ukuta.

Walikuwa chini kabisa, mwisho wa njia iliyokuwa ikichimbwa kuyafuata makaa ya mawe. Siku tatu nyuma walikuta mwamba wa nyufa upande wa kushoto. Injinia, ambaye katika mgodi mwingine aliwahi kuona dari likimfukia mwenzake, aliamuru mashine iukwepe, ipite kulia kwenye jiwe zima. Jiwe zima likayatafuna meno ya mashine kama bisi.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema Injinia. "Hukufundishwa hiyo darasa la saba?"

"Hiyo ni ya wajenzi. Sisi kazi yetu kubomoa."

Isdori akashindwa kujizuia, akacheka.

Tadei alinyakua ndoo, akaumwagia maji ukuta wa kushoto. Upepo wa feni ukaupiga. Jiwe likaanza kukauka, lakini mistari myeusi ikabaki, imesimama wima kama fito za zizi.

"Babu yangu alipasua mawe ya kusagia namna hii. Jiwe hukauka, ufa hubaki na maji. Tazama, nyufa zinaikata njia yetu. Zingekuwa zinakwenda nayo sambamba, dari lingetumwagikia, na mimi ningekuwa wa kwanza kukimbia. Hizi ni msaada. Jino likiingia kwenye ufa, bonge linang'oka lenyewe."

"Na dari?"

"Nguzo kila hatua moja, si mbili," Isdori akadakia. "Nimeshazikata, Injinia. Huyu alinisumbua tangu asubuhi."

Injinia alipitisha kidole kwenye mstari mmoja mweusi. "Nusu saa. Jino moja tu likivunjika, unatoka humu bila hata barua."

Tadei akapanda, akaigeuza mashine kushoto. Mlio ulibadilika. Haukuwa tena ule wa chuma kulia kwa uchungu. Mabonge makubwa kama vinu yakaanza kuanguka. Kila hatua moja alisimamisha mashine, Isdori akagonga dari kwa mtaimbo, akasikiliza, akasimika nguzo, akapiga mluzi, safari ikaendelea. Nusu saa ilipotimia walikuwa wamepita kazi ya jana nzima.

Mashine ikazimwa. Injinia akayagusa meno moja moja kwa mkono wake. Yote yalikuwepo.

"Jiwe unalijua," alisema, sauti imeshuka. "Lakini makao makuu Dar wanataka jina la mtu, mdogo wangu. Saini tu. Nitakutetea."

"Jina gani? Langu?"

"Mimi nina watoto watano."

"Na mimi nina mama, Injinia, na jina hili ni yeye aliyenipa."

Tadei aliilaza barua juu ya goti. Akakata mstari wa uzembe, akakata na ule wa radhi, akaandika chini kwa herufi kubwa: Meno yalivunjwa na amri ya kukata jiwe zima na kuziacha nyufa. Nilipinga. Akatia saini, akamrudishia.

"Hii ikifika Dar watakufukuza," Injinia alisema.

"Wanifukuze kwa nililosema, si kwa nililosemewa. Isdori, leta nguzo! Zamu haijaisha."

Akapanda, akawasha mashine, na Injinia akalazimika kusogea kando kuipisha.