Lango la Mkunga

Mwanamume aliyechoka huchoshwa na mambo matatu: kazi, maradhi, au mwanamke wa nje. Bi Pilipili alikuwa amemchunguza mumewe akayafuta mawili ya kwanza. Kazi hafanyi. Maradhi gani, na sahani anairudisha tupu? Likabaki la tatu.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mageti mengi ya mtaa ule yalipita mikononi mwake. Sasa lango la mkunga lilikuwa limelazwa karakanani, vyuma vimekatwa na kupangwa, havijaungwa. Mkunga kaja kuliulizia mpaka aibu ikamshika yeye badala ya fundi. Na fundi mwenyewe? Kakaa kwenye benchi anapapasa nyundo kama anabembeleza paka. Chai anaimimina nje ya kikombe. Jirani akimsalimu, anageukia upande usio na mtu.

"Moyo ukihamia kwingine, hata kikombe cha nyumbani hakionekani," Bi Pilipili alijisemea.

Asubuhi hiyo akamwambia wazi. "Mume wangu, leo ama lango liungwe, ama niende kwa dada yangu, na sirudi. Huyo anayekuchosha aje akufulie."

Fundi aliiweka nyundo chini. "Liunge wewe," akasema.

"Mimi?"

"Wewe. Ile mashine ndogo ya kuchomelea, ya inveta, mkoba wako wa sokoni ni mzito kuliko yenyewe. Nitakufundisha."

Bi Pilipili alicheka kicheko cha shari. Vizuri, akawaza, nitaifanya kazi yake, aumbuke mbele ya watu.

"Kwanza vua hilo gauni la nailoni. Cheche ikilipata litakuganda mwilini. Vaa la pamba, mikono mirefu, na viatu vya kufunika vidole."

"Wivu huo?"

"Moto huo, bibie."

Bi Pilipili akabadili nguo, akayatoa nje makopo ya rangi na matambara yenye mafuta, akafagia maranda, akafungua milango moshi upate pa kupitia. Akaangalia sakafu isiwe na maji. Waya wa umeme fundi alimwambia aukunjue wote, maana ukiachwa umejiviringa unachemka kama chungu. Mashine akaiweka juu ya matofali, matundu yake ya hewa yakiwa wazi.

"Koleo la waya wa arthi, ule wa kurudisha umeme, libane kwenye lango lenyewe. Kwangua rangi kwanza, umeme haupendi rangi. Umebana?"

"Si unaona?"

Fundi alikohoa. "Mwanafunzi hujibu kwa mdomo."

"Nimebana, mwalimu!"

Bi Pilipili akavaa glavu za ngozi, kavu, kisha barakoa yenye kioo cheusi. "Na wewe yako iko wapi?"

"Mimi cheche zinanijua."

Ndivyo alivyokuwa siku zote. Alichomelea uso kaupinda pembeni, jicho moja kalifumba, akisema barakoa ni za wanagenzi. Jioni macho yakimuwasha kama yametiwa mchanga, mkewe alimwekea vipande vya viazi baridi juu ya kope, wakacheka wote wawili.

"Haya, washa. Ampea themanini zinatosha. Anza kujaribia kipande cha chuma kibovu, kilaze juu ya lango. Paruza fimbo ya kuchomelea kama unawasha kiberiti, kisha inua kidogo tu."

Bi Pilipili aliparuza. Fimbo ikanata. Akavuta, wapi! Kwa hasira akaifunua barakoa aone vizuri, akaivuta kwa nguvu zake zote. Ikang'oka na mwale wa buluu.

Alifumba macho, lakini kabla hajayafumba alimwona mumewe. Alikuwa kainama palepale, uso wote umewaka, macho kayatoa wazi. Hakupepesa. Hata paka angepepesa.

Alipoyafumbua, madoa ya kijani yakimchezea, fundi alikuwa bado ameelekea palepale.

"Ikinata usivute," alikuwa akisema. "Iachie kwenye kishikio, uzime mashine. Barakoa umeishusha?"

Barakoa ilikuwa mkononi. Bi Pilipili akaiinua mbele ya uso wa mumewe, karibu imguse pua.

"Nimeishusha," akasema.

"Vizuri. Usiifunue hata kidogo."

Bi Pilipili akaizima mashine. Feni yake ndogo ikanyamaza.

"Tangu lini?" akauliza.

Fundi akaelewa. Akakaa chini taratibu, akilitafuta benchi kwa kiganja. "Tangu nilipoacha kukutania mvi zako."

"Mimi nikadhani umeacha kunitazama."

"Si ndiyo hivyo?"

"Mbona hukuniambia, baba? Nikakutukana miezi yote hii. Nikakuzulia mwanamke!"

"Nilikusikia. Nikaona heri. Mwanamume mwenye mwanamke wa nje, bado anahesabiwa kuwa ana macho."

Alitaka kumpiga, alitaka kucheka. Akachukua fimbo nyingine.

"Kwa hiyo kwa dada yako unakwenda?" fundi akauliza polepole.

"Geuza uso ukutani. Nawasha."

"Kulinda macho gani tena?"

"Geuza, nimesema!"

Akageuka. Bi Pilipili akashusha barakoa, akaisogeza fimbo kwenye bawaba ya lango la mkunga. Mwale ukashika, ukalia kama mafuta yanayokaanga.

"Umeiinua mno," fundi akasema kutoka ukutani, sikio kalitega. "Isogeze. Hapo. Tembea nayo. Mbona mlio unakatikakatika?"

"Moshi."

"Moshi haukati mlio, mama."

Bi Pilipili aliisukuma fimbo mbele. Machozi yalimtiririka ndani ya barakoa mpaka kidevuni, na glavu hazifuti machozi. Akatembea nayo hivyo hivyo mpaka fimbo ikaisha, akazima.

"Imekaaje?"

Ilikuwa imepinda, imejaa mavimbe na vitundu. "Vibaya," Bi Pilipili akasema.

"Nionyeshe." Fundi akaja akipapasa hewa, kidole kimetangulia.

"Bado ya moto!" Akamdaka mkono, akaufungia kati ya glavu zake mbili, wakasimama hivyo wakingoja chuma kipoe.