Neno Ambalo Ladislas Hakulimaliza

Kila umeme ulipokatika, Ladislas aliongeza neno.

Mara ya kwanza lilikuwa moja tu: "Mama." Lilijitokeza ndani ya ujumbe wa Annonciata, mama yake mdogo aliyeko kambini Tanzania, likakalia pale salamu zilipokuwa. Mama yake Ladislas, Libérate, aliyekuwa ameketi mbele ya spika, hakupiga kelele. Aliinuka, akaufunga mlango, akaomba arudishiwe ujumbe tena.

Ladislas alikuwa amezikwa mwaka uliopita, hapo hapo katika kambi ya Nakivale, Uganda.

Doriane, msichana aliyemaliza chuo juzijuzi, ndiye aliyeitunza seva iliyohifadhi ujumbe huo. Warundi na Wakongo waliopotezana na ndugu zao njiani waliacha sauti zao mle, na hifadhidata ikazipanga ili anayetafutwa apatikane. Ladislas naye aliwahi kuacha sauti. Lakini Warundi wa pale walikuwa na desturi yao: siku ya kuondoa matanga, sauti ya marehemu ilifutwa mama yake akiwa amesimama kando, ili anayepumzika asiendelee kuitwaitwa. Libérate alisimama. Sauti ikafutwa.

Doriane alipanda gari asubuhi hadi Mbarara kumwona Elisée, fundi Mkongo aliyeifunga ile seva. Doriane alikuwa amekwisha kumtumia nakala nzima ya diski, kipande kwa kipande.

"Niliichimbua mpaka chini," Elisée alisema, bisibisi mkononi. "Najua kompyuta ikifuta inaondoa kibao cha mlangoni tu, nyumba inabakia. Lakini Ladislas hayuko. Hata kivuli."

"Sasa sauti inatoka wapi, kaka?"

"Unaniuliza miye? Miye ni fundi, siko pasta." Alicheka, kisha akaacha. "Kosa langu linajulikana. Ile ext4, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, niliiweka kwa hali ya mbio mbio: inaandika jina la faili mbele, vitu vyenyewe nyuma. Umeme ukikatika katikati, jina linabakia na takataka ya zamani. Lakini takataka haitungi sentensi, dada."

"Tuirudishe kwenye hali ya usalama?"

"Umeme itauvumilia. Lakini diski ikioza yenyewe, ext4 itakusomea uozo na kukuapia ni kweli. Kuna mfumo ingine, ZFS: inaweka alama kwa kila kipande; ikisoma, inalinganisha. Kikiharibika, inakikatalia."

"Basi ZFS."

"Mupole mupole! Inakula memori sawa vile wakwe wanakula nyama ya harusi. Na inataka diski mbili, moja iponye ingine. Mupya niko nayo moja. Ya pili ni ile ile ya zamani, tuifute yote."

Yote. Doriane alirudi na diski mpya mapajani, neno hilo likimzunguka kichwani njia nzima.

Alimkuta Libérate kwenye kiti kile kile. Mchana ulikuwa mweupe, hakuna upepo, hata kuku walikuwa wamenyamaza. Umeme ulikuwa umekatika tena na kurudi.

"Sikia alipofika," mama alinong'ona.

*Mama, mwambie mama mdogo kwamba*—

Kisha Annonciata akadakia katikati ya jina la mtaa. Libérate akabonyeza kitufe, akamzima. Siku zote alimzima hapo.

"Mama Ladislas, jana jirani yetu Bonaventure alikuja kusikiliza ujumbe wa mtoto wake. Nusu imeliwa. Kila umeme ukikatika, watu wanaliwa."

"Neno moja tu, mwanangu. Mara moja tu ukatike."

"Alichokwisha kusema nitakihamisha. Mfumo mpya utakilinda jinsi ulivyokipokea. Lakini hataongeza."

"Na akijaribu?"

"Mfumo utakataa."

"Humwonei huruma?"

Doriane angeweza kuifuta diski bila ruhusa; ufunguo alikuwa nao. Alipiga magoti mbele ya mama akamshika mikono, nayo ilikuwa baridi katika joto lile.

"Ninamwonea. Na mama mdogo naye anasema kitu. Hujawahi kumsikiliza mpaka mwisho."

Libérate aliitazama mashine. Feni yake ilipunguza kasi, kana kwamba nayo inasubiri.

"Nitasimama," alisema. "Mara ya kwanza nilisimama nikiwa nalia, labda hakuniona."

Akasimama. Doriane alihamisha sauti zote kwenye diski mpya, akaifuta ya zamani, akaiunganisha iwe pacha. Ukaguzi ukapita kipande kwa kipande: hakuna kosa. Jioni haijafika, umeme ukakatika. Uliporudi, walisikiliza. *Mama, mwambie mama mdogo kwamba*, na hapo hapo Annonciata, bila kuzimwa: nusu ya jina la mtaa, habari za watoto, na mwishoni, polepole, namba ya simu.

Libérate aliipiga, akaweka simu kwenye sauti ya nje.

"Dada!" Annonciata alilia kwa furaha. "Nimengoja! Mko wazima? Na Ladislas amekua? Ndiye huyo anayepumua karibu na simu?"

Chumbani walikuwa wawili tu, na Doriane alikuwa mbali na simu, mlangoni.

Libérate hakugeuka nyuma. "Hapana, mdogo wangu," alisema, kwa sauti ambayo Doriane hakuwahi kuisikia kwake. "Keti chini. Ladislas tulimzika."

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu. Kisha, upande huu, karibu na simu, taratibu, mtu akaacha kupumua.