Wewe Kula, Mimi Furahi

…na eti nitabasamu kwanza halafu ndiyo niseme, huo ndio utaratibu wake huyu msichana mwenye vifundo viwili vya nywele kichwani kama masikio ya dubu, ameshainua simu, mwenzake amejibanza ubavuni mwangu mpaka bega lake linagusa sinia, na kwenye sinia kuna bakuli la supu, na supu ni ya moto, laiti angejua ni ya moto kiasi gani, "dada, tafadhali, mara moja tu, sema kama Pao," Pao, ndiyo, Pao wa kwenye manga, hivi vitabu vya katuni vya Kijapani, binti wa Kichina mwenye mkahawa hapa mjini Kobe, Japani, bado mwanafunzi, gauni jekundu limepasuliwa hadi nyongani, anawatandika wahuni kwa mwiko na bado hamwagi supu, na kila akimwekea mteja chakula anakonyeza jicho na kusema, "Wewe kula, mimi furahi!", basi, hivyo hivyo, maneno yamevuliwa nguo yakabaki mifupa, kana kwamba mtu akizaliwa na jina la Kichina ulimi wake nao unazaliwa umevunjika… mimi nimezaliwa hapa, baba yangu amezaliwa ghorofa ya juu ya mkahawa huu huu, Kijapani cha Kobe tunakijua kuliko hawa wawili walioshuka kwenye treni asubuhi hii kutoka sijui wapi, "Honoka, sogea, unamkingia mwanga," anasema wa simu, na Honoka anasogea, anasogea kwangu, ananukia sukari, amevaa lile gauni jekundu, la plastiki, joto lote hili, na hakuna aliyeniuliza kama nataka, wameuliza kama naweza, tena kwa adabu, wameinama wote wawili, ndilo linalonichoma zaidi, wale wa shuleni angalau hawakuinama, wale walinifuata nyuma hadi kona ya soko, "Suilan taka kwenda choo! Suilan jua hesabu!", wakati mimi ndiye niliyekuwa nasoma kwa sauti mbele ya darasa kwa sababu mwalimu alisema sina makosa, akaongeza, "huwezi hata kujua kama ni Mchina," akadhani amenipa zawadi… na hivyo hivyo katika kila kitabu cha katuni nilichoazima utotoni, lazima awemo Mchina wake, mpishi au mganga au mlevi, anaongea vile vile, hawakuchoka, na sasa wamempa mapaja na macho makubwa, wakampa mkahawa wetu, maana ni wetu, huwezi kukosea, kile kiti chenye mguu uliofungwa utepe kimo michoroni, ufa wa ukutani umo, hata bomba linalovuja nje limo, ndiyo maana wanakuja, wanalishika bomba, wanalipiga picha bomba… "Wewe kula, mimi furahi!" huyo ni baba, meza ya dirishani, kwa sauti ile ya juu ya kuchekesha, na wateja wanapiga makofi, baba yangu, Zheng Wenhui, aliyekuwa ananigonga vidole kwa kijiti cha kulia chakula nikikosea neno moja mbele ya mgeni, "ongea vizuri, hawa watu wanasikiliza," alikuwa ananiambia, na sasa mwenyewe anasimama katikati ya ukumbi na aproni yake na kujivunja ulimi kwa hiari, amebandika bango la Pao karibu na kaunta, vitabu vyote vya Pao amevipanga kwenye rafu ya Ama, marehemu bibi yangu, picha ya Ama katikati, chungwa lake la sadaka huku, yule kahaba wa karatasi kule, wiki iliyopita nilimwambia,

"Baba, unajidhalilisha."

"Wateja wanafurahi."

"Wanakucheka, baba."

"Mwanangu, tangu lini mkahawa ukaogopa watu wanaocheka?"

…akaendelea kukatakata vitunguu, nami nikabamiza mlango wa friji, tangu siku hiyo kila akianza hadithi zake za mchoraji wa Pao naingia jikoni na kugonganisha masufuria nisisikie, lakini sasa siwezi, bega la Honoka limenibana huku, meza iko kule, sinia mikononi, na huyu Honoka anageuza shingo anauliza kwa sauti, "Mzee, eti ni kweli mchoraji alikuja kula hapa?" na baba anajifuta mikono, anakuja, mungu wangu, anakuja, "Alikuja bwana! Majira ya baridi, kijana mwembamba, koti lenyewe kama karatasi, akakaa pale pembeni," najua pembeni, sogezeni simu tumalize, "akaagiza supu ya madonge ya samaki, halafu hali, anachora tu, supu inapoa," na wa simu anasema, "ehee?" simu bado iko juu, "sasa mama yangu alikuwa bado mzima, anakaa hapo mlangoni anafinyanga madonge, Kijapani chake kilikuwa cha kuokoteza, hakwenda shule hata siku moja, akaona kijana anaiacha supu ipoe, akanyanyuka, na miguu yake ile, akamsukumia bakuli mpaka kifuani, akamwambia, Wewe kula… mimi furahi." Na safari hii baba hakusema kwa sauti ya juu. Amesema chini, na pumzi kidogo kabla ya furahi, ile pumzi, kwa sababu meno ya juu hayakuwepo na neno lilikuwa linamponyoka, namjua, ni yeye, ni Ama kabisa, baba hamwigi Pao, hajawahi kumwiga Pao, mimi majira yale nilikuwa Nagoya, na kwangu Ama alizungumza Kifuzhou, lugha ya kwao China, haraka, kwa matusi na mizaha, mjanja kuliko mtu yeyote mtaani, Kijapani aliwawekea wageni tu, na mimi sikumtambua kwenye vile vitabu, ukikonyeza jicho na kupachika alama ya mshangao hakuna Ama tena mle, lakini baba alimwona, alifungua ukurasa dukani pale stesheni akamsikia mama yake akiongea… ndiyo maana ile rafu, ndiyo maana chungwa… "Jamani! Kumbe Pao ni bibi yako!" Honoka ameshika kifua, "nasikia kulia," na wa simu naye, "bibi mwenye mapaja yale?" wakacheka wote, na baba naye akacheka, akasema, "mapaja alikuwa nayo, shida ni magoti," wakazidi kucheka, akarudi kwenye meza zake, na mimi nimesimama hapa na supu inayoanza kupoa na nilikuwa na chuki safi kabisa, nimeilea tangu shuleni, ilikuwa chuki ya kuuchukia uongo, uongo unauchukia kwa raha, unalala nao vizuri, na sasa wameniharibia, kwa sababu ni kweli, yule kijana alikula supu ya mtu, akachukua neno lenyewe na pumzi yake, neno la mwanamke aliyekuwa hana maneno mengine ya kumpa mgeni akampa hayo, akaenda kulivalisha gauni fupi likauzwa nchi nzima, mwizi angebuni mwenyewe ningemsamehe, lakini huyu alisikia, alisikiliza vizuri kuliko mimi, na bado akachagua mapaja… siwezi kumwambia baba abandue lile bango, namna gani nitamwambia, na siwezi kuliangalia, vyote viwili, vitakaa hivyo hivyo, "dada? uko tayari?" anauliza wa simu, mpole, ana chunusi kidevuni, "moja," anahesabu, "mbili," na maneno yamekuja, yamekuja yenyewe hadi kwenye meno, chini, kwa pumzi ile, na nimefunga mdomo, si kwa ile hasira ya mwanzo, ile ilikuwa nyepesi, nimefunga kwa sababu mdomoni mwangu yumo mtu, mzee, amechoka, na sitamtoa nje apigwe picha, "dada, tabasamu basi," anasema, simu bado iko juu.